Bibi aliuliza rangi ya kanga, mtoto akajibu "morado"

Shikamoo Mama Mshauri,

Safu yako nilianza kuisoma Tanga, enzi zile dada yangu ananisomea kwa sauti huku ananisuka. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nitaandika. Naomba usinitaje jina, maana wifi zangu wote ni wasomaji wako.

Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili: wa kiume ana miaka minne na miezi miwili, wa kike ana miwili. Tunaishi Houston, Texas, huu mwaka wa sita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Naingia saa tisa alasiri, natoka saa tano usiku. Baba watoto anaendesha lori la safari ndefu, kuna wiki analala nyumbani siku mbili tu. Kwa hiyo jioni watoto wanakaa na jirani yetu, mama wa makamo mwenye asili ya Meksiko, mlango wa pili kutoka kwetu. Anawapenda kama damu yake. Wao wanamwita abuela, yaani bibi, na yeye anawaita "mi amor", yaani mpenzi wangu. Hela ninayompa ni ndogo, najua, lakini hajawahi kulalamika.

Kwa abuela ni Kihispania tu. Mtaa wetu wenyewe ndivyo ulivyo, kuanzia dukani mpaka kwenye bembea. Mwezi wa nane mwanangu anaanza shule, darasa la watoto wa miaka minne, na nimemwandikisha mkondo wa lugha mbili, Kihispania na Kiingereza. Nikaona nimpe mwanzo mzuri. Nikamnunulia pazo, zile picha za kupanga vipande. Hii ni ubao wa mbao wenye mashimo kumi na moja, na kila kipande kina umbo lake na jina la rangi: tufaha ROJO, jua AMARILLO, chura VERDE, samaki AZUL, zabibu PÚRPURA, dubu MARRÓN, na kuendelea. Mimi mwenyewe Kihispania changu ni cha kuokoteza, lakini asubuhi kabla ya kazi tunakaa mkekani, tunapanga.

Mambo matatu yananisumbua.

La kwanza ni mtoto mwenyewe. Ubao anaumaliza kwa dakika mbili, na kila kipande anakitaja. Nilimrekodi, nikawatumia ndugu wote. Halafu siku moja nikamwonyesha kijiko cha bluu: "¿Qué color es?" yaani, rangi gani? Akasema "verde", kijani. Nikamwonyesha kikombe chekundu, akafikiri, akasema "manzana". Manzana ni tufaha, Mama! Na dubu ndiyo kabisa: ubaoni imeandikwa marrón, abuela kwa kahawia hiyohiyo anasema café, mtoto sasa akimshika dubu ananyamaza. Cha ajabu, abuela akimwambia "dame la taza roja", analeta kikombe chekundu bila kukosea.

La pili, baba watoto. Anasema, "Kiswahili chenyewe anakivunjavunja, wewe unanunua mbao za Kihispania." Anasema Kihispania kitampata bure mtaani, kama mafua. Lakini yeye akiwa nyumbani anaongea nao Kiingereza, eti wasipate shida shuleni. Nikimkumbusha, tunanuniana mpaka anaondoka na lori lake.

La tatu ndilo lililonifanya nikuandikie. Mama yangu yuko Makorora, na kila Jumapili tunaonana kwa simu ya video, huku asubuhi, kule jioni. Jumapili hiyo alikuwa amejifunga kanga yake ya zambarau, ile ya sare ya harusi ya mdogo wangu, amekaa uani chini ya mzambarau wetu, palepale tulipokuwa tunacheza kombolela mpaka ndimi zinakuwa nyeusi kwa zambarau. Akamuuliza mjukuu wake, "Kanga ya bibi rangi gani?" Mtoto akachangamka, akapaza sauti: "¡Morado!" Mama akanyamaza. Akaniuliza, "Anasema nini huyu?" Kabla sijajibu, mtoto akadakia, "Abuela dice morado." Abuela anasema morado, yaani zambarau. Mama akasema, "Haya. Mpe mama yako simu." Tukaongea habari ya dawa zake za presha na bei ya nazi, akakata. Jumapili mbili zilizofuata kasema mtandao mbaya.

Tangu hapo ule ubao nikiuona roho inaniuma. Naona kama nimemnunulia mwanangu kitu cha kumfukuza bibi yake. Mama ni Msambaa wa Lushoto. Alipokuwa akiongea Kisambaa na dada zake sisi tulikuwa tunacheka tu, hatukujifunza. Sijui kwa nini nakuambia hili.

Niweke pazo kabatini nianze Kiswahili upya, au niendelee kwa sababu shule iko karibu? Au nimeshachelewa?

Mama wa Wawili, Houston

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu za usiku.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale mtoto alipoonyeshwa kikombe chekundu akasema "manzana". Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nikijiweka mahali pake, jibu lile halina kosa. Kitu chekundu anachokijua ni kipi? Ni tufaha la ubaoni. Kila asubuhi analishika, anasikia rojo, na bila shaka kwa abuela amelisikia likiitwa manzana. Kati ya majina hayo mawili, lipi la tunda na lipi la rangi? Nani amemwambia? Kwa hesabu yake, kajibu vizuri tu.

Naona umenifungia mizigo mitatu ndani ya kanga moja: mtoto anayechanganya rangi, mume anayenung'unika, na mama aliyenyamaza. Halafu unaniuliza kuhusu ubao, kana kwamba ukiingia kabatini, yote matatu yataingia nao. Tuifungue hiyo kanga taratibu. Nianze na ubao, maana ndio mwepesi, na kwa miaka mingi chekechea ndiyo iliyonilisha.

Pazo ya aina yako, ambayo kila kipande kina umbo lake, ni mwalimu mzuri wa maumbo. Mtoto hodari hatafuti rangi pale, anatafuta shimo. Samaki ana mkia, shimo lina mkia, basi. Ungempaka yule samaki rangi nyekundu usiku wa leo, kesho angemweka palepale, na nadhani angesema "azul" vilevile. Wala hakudanganyi wewe kwenye ile video. Amekariri wimbo wenye vituo kumi na kimoja, na kila kituo kina neno lake. Kijiko cha bluu hakimo kwenye wimbo.

Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907, alitengeneza vibao vya rangi ambavyo vyote vina umbo moja na ukubwa mmoja, ili kisibaki kitu cha kushika isipokuwa rangi. Na boksi la kwanza lina jozi tatu tu: nyekundu, njano, bluu. Wewe umeanza na kumi na moja! Njia yake ya kufundisha majina, aliyoichukua kwa Mfaransa Édouard Séguin, ilikuwa na hatua tatu. Kwanza unamwambia mtoto: hii nyekundu, hii bluu. Mnacheza nazo hata siku kadhaa. Pili unamwomba: nipe nyekundu. Mwisho kabisa ndipo unauliza: hii rangi gani?

Sasa isome tena barua yako. Wewe ulimuuliza kijiko. Ukamuuliza kikombe. Mama alimuuliza kanga. Wote mmesimama kwenye hatua ya tatu kama wasahihishaji. Abuela peke yake ndiye aliye kwenye hatua ya pili, "dame la taza roja", naye analetewa kikombe bila kukosea. Kwa hiyo mtoto anajua zaidi ya anavyoweza kusema. Majina ya rangi huwasumbua watoto kuliko majina ya vitu. Wengi wanayachanganya wakiwa na miaka mitatu, na wako wanaoendelea mpaka minne. Ila kama ataendelea kuchanganya nyekundu na kijani hata katika kupanga tu, bila kutaja jina lolote, mtaje kwa daktari siku ya kumpima, kwa sababu wapo watoto wa kiume ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo. Kwa uliyoniandikia sioni dalili hiyo, lakini nisingependa kunyamaza.

Abuela ana jambo jingine zuri ambalo pengine hajui kuwa analo. Anataja kikombe kwanza, rangi inafuata. Mwaka 2010 Michael Ramscar na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wadogo wanaojifunza rangi kwa Kiingereza, lugha ambayo rangi hutangulia kitu. Waliofundishwa kwa mtindo wa "mpira ni mwekundu", kitu kwanza rangi baadaye, walifanya vizuri zaidi. Kihispania kimeshaupanga hivyo. Na Kiswahili je? Kikombe chekundu. Kwa hilo lugha zako mbili za nyumbani zinatembea mguu sawa. Hata kule kubadilikabadilika ni kulekule: taza inataka roja, carro, yaani gari, inataka rojo, lakini azul na verde hazijali, kwa yote mawili hubaki zilivyo. Kwetu kikombe chekundu, gari jekundu, maua mekundu, ila kijani na bluu hazibadiliki, unaweka tu "cha" au "la" mbele yake. Usimfundishe hayo. Masikio yake yatayafanya yenyewe, mradi asikie maneno yakiwa pamoja na vitu. Ubao wako unampa "ROJO" tupu, halina mwenyewe.

Yule dubu naye nimemhurumia. Marrón ni kahawia ya Hispania, café ni kahawia ya Meksiko, zote sahihi. Púrpura na morado nazo zote ni sahihi, na kwa abuela wako ni morado, kama wote tulivyosikia. Chukua utepe wa karatasi, bandika juu, andika neno la abuela. Sisi wenyewe tungekutana na Wakenya tukabishana kuhusu kijani na kijani kibichi, manjano na njano, kahawia na hudhurungi, na mtu wa kwetu akasimama akasema shuka lake ni rangi ya damu ya mzee, wote tukamwelewa. Mtoto hanyamazi kwa sababu hajui. Ananyamaza kwa sababu watu wawili anaowapenda wanamwita dubu mmoja majina mawili, na hataki kumuudhi yeyote.

Sasa baba watoto. Neno lake la mafua limenichekesha, na lina ukweli wake. Kihispania Houston kina walimu wengi: abuela, mtaa, na mwezi wa nane shule. Kiswahili hakina mtu pale isipokuwa ninyi wawili na simu ya Jumapili. Hapo mumeo ameona mbali, na ningependa umwambie hivyo, hata kama alilisema kwa kununa.

Ila ninyi wawili naona mnakubaliana jambo ambalo mimi sina hakika nalo. Mnazungumza kana kwamba kichwa cha mtoto ni kibaba cha mchele: ukitia Kihispania, Kiswahili kinamwagika. Ulikulia Tanga. Hukuona watoto wa Kidigo na Kisambaa wanaongea lugha mbili kabla hawajang'oka meno? Kinachopungua ni saa tu. Hesabu saa ambazo mwanao yuko macho kwa siku, kisha uhesabu ngapi anasikia Kiswahili kutoka kwenye mdomo wa mtu. Nadhani idadi itakuuma kidogo, na itamuuma baba watoto kuliko wewe. Pazo ikiingia kabatini, zile dakika kumi za asubuhi hazigeuki kuwa Kiswahili zenyewe. Mtu lazima azijaze. Baba akirudi na Kiingereza chake, zitajaa Kiingereza.

Badala ya kumkumbusha makosa, unaweza kumwomba kazi moja. Dereva wa lori anaona rangi kutwa. Akisimama kupumzika ampigie mwanawe amwambie: leo nimepishana na lori la kijani lenye milango myeupe. Hakuna mtihani, ni habari tu. Anaweza kukataa, na anaweza kuanza kwa kishindo akaacha wiki ya pili, unawajua wanaume wenye uchovu. Lakini itakuwa mara ya kwanza katika ugomvi huu mtu kumpa nafasi, si lawama.

Umeniuliza kabati au kuendelea. Njia ninazoziona ni zaidi ya mbili, na hakuna isiyo na mwiba.

Kabati lina hatari ambayo huenda hujaifikiria. Mtoto wa miaka minne anasoma nyuso. Alitoa jibu lake kwa furaha, uso wa bibi ukabadilika, uso wa mama ukabadilika, halafu mchezo uliokuwa ukimletea sifa ukapotea nyumbani. Hatajua neno "lugha", ila atajua kwamba alifanya kitu kibaya siku ile. Kuendelea kama ulivyo nako kuna gharama: shule itapokea bingwa wa mashimo, na ile asubuhi yako, ambayo ndiyo saa zako pekee pamoja naye ukiwa na nguvu, itatumika katika lugha unayoiokoteza huku ile uliyonyonya nayo ikisubiri nje.

Kuna kuupeleka ubao kwa abuela. Kihispania kikatoka kwa mwenyewe, mkekani pako kikabaki Kiswahili. Wazazi wengi wenye lugha mbili hugawanya hivyo, mtu kwa mtu au nyumba kwa nyumba. Nakupa tahadhari mbili. Umesema unamlipa kidogo; ukimpelekea ubao na maelekezo, asije akaona umemwongezea kazi. Mpelekee kama zawadi ya watoto, mwache aucheze atakavyo. Tahadhari ya pili ni kwamba Kiswahili kikibakia mkekani tu, saa ya mama aliyechoka, kinaweza kuwa lugha ya "vaa viatu, tunachelewa".

Na kuna kuziweka lugha zote mbili mkekani. Hapa naogopa jambo moja tu, mitihani kuwa maradufu. Lakini ukiacha kuuliza, kuna raha yake. Kihispania na Kiswahili vinafahamiana kuliko unavyodhani. Mesa ni meza. Bandera ni bendera. Limón ni limau. Maneno hayo yetu tuliachiwa na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, na Kireno ni ndugu wa karibu wa Kihispania. Kwa hiyo "mesa roja" ni meza nyekundu, na mwanao atacheka akigundua kuwa nusu ya sentensi alikuwa nayo tayari. Angalia tu asije akamwambia bibi kuwa amekula pera. Ya abuela ni tunda jingine kabisa, na bibi atadhani Houston kuna mapera.

Ukitaka kutengeneza pazo yako, nikupe niliyokuwa nikitumia. Tafuta picha kubwa ya kanga ya kisutu, ile ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nimesema picha, usije ukakata kanga! Ibandike kwenye boksi la nafaka za asubuhi, ikate vipande vinne vya mraba vinavyolingana, baadaye sita, baadaye tisa. Vikiwa na umbo moja, shimo halimsaidii tena; itabidi aangalie rangi inakoelekea. Mkipanga mnaongea: pindo jekundu liko wapi, nipe kipande cheusi, hapa mji umeanza. Rangi tatu za kisutu ndizo rangi tatu za Kiswahili zinazovaa viambishi kama vivumishi kamili: -ekundu, -eusi, -eupe. Brent Berlin na Paul Kay walipolinganisha lugha nyingi za dunia mwaka 1969, walisema lugha ikiwa na majina matatu tu ya rangi, huwa ni hayohayo matatu. Sikuambii ili umwambie mtoto. Nakuambia ili ujue kwamba ukianza na tatu, hujaanza na kidogo.

Na usisahau kwamba kwetu fumbo la kwanza halikuwa la mbao. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Akishajua kuwa ni yai, lipasueni kwenye kikaango: nje jeupe, ndani manjano. Siku nyingine abuela atalipasua lake, blanco, amarillo, na yai ni lilelile.

Nimezunguka sana kabla ya kufika Makorora, na umegundua. Ni kwa sababu hapo najua kidogo kuliko unavyotaka nijue.

Unaamini mama alinyamaza kwa sababu ya morado. Inawezekana. Mimi niliposoma, neno lililonigonga ni lile lililofuata, "abuela". Bibi kaketi uani kwake, kamuuliza mjukuu swali dogo la mapenzi, akajibiwa kwa maneno ya bibi mwingine, yule anayemwogesha na kumlaza. Kama ni hivyo, ungemfundisha mtoto rangi zote za Kiswahili mpaka samawati na urujuani, kidonda kingebaki. Lakini pia nimesoma kwamba ana presha, na kwamba mtandao wa Makorora siku nyingine ni mbaya kweli. Hujamuuliza. Mimi na wewe tumekaa tunamjengea mama yako maneno ambayo hakuyasema.

Unaweza kumuuliza. Unaweza kumwonyesha abuela kwenye simu, wanawake wawili wazima wakaonana, hata kama watabaki kuchekeana na kupungiana mikono. Inaweza kumtuliza kumwona anayemtunzia wajukuu. Inaweza pia kumchoma zaidi. Wewe ndiye unayeijua sauti yake. Au unaweza kumwomba kitu ambacho yeye tu anacho, na hapa nirudi kwenye yale uliyosema hujui kwa nini umeniambia. Ulicheka Kisambaa cha mama yako ukiwa mdogo, na sasa unaogopa kwamba zamu imekufikia. Sitakuambia usiogope. Ila mama yako naye aliwahi kukaa kando ya watoto wasiojibu kwa lugha yake, akaendelea kuwapikia. Hakuna mtu unayemjua anayeijua njia hii kuliko yeye. Unaweza kumuuliza ilikuwaje kwake. Swali hilo huenda hajawahi kuulizwa na mtu.

Jambo moja la mwisho, dogo. Morado limetoka kwenye mora, tunda dogo jeusijeusi linalopaka vidole na ulimi. Watu wa Kihispania walitafuta jina la rangi ile, wakalipata mdomoni. Café nayo ni kahawa, naranja ni chungwa, rosa ni waridi, sawasawa na sisi. Siku ile bibi na mjukuu walikuwa na rangi moja akilini, kila mmoja kwa tunda la upande wake, na aliyeyajua matunda yote mawili alikuwa wewe peke yako, umeshika simu katikati yao.

Je, mwanao anajua kwamba kile kilichokuwa nyuma ya bibi ni mti? Amewahi kuambiwa kuwa mama yake alikuwa na ulimi mweusi? Jumapili ijayo, mtandao ukikubali, mwombe mama aigeuze simu juu kwenye matawi, mtazame kama umeshaanza kuzaa.